Aliye Nyuma Si Mzigo

Mazungumzo ya redioni. Somo: Hesabu 10:29–32

Somo letu ni fupi, nalo linapatikana katika kitabu cha Hesabu, sura ya 10, mstari wa 29 mpaka wa 32. Tafadhali mlisome pamoja na watu wa nyumbani baada ya kipindi hiki.

Wana wa Israeli walikuwa wakiondoka penye mlima wa Sinai, na mbele yao palikuwa na jangwa. Pamoja nao alikuwapo mtu wa Midiani aitwaye Hobabu, wa jamaa ya mke wa Musa. Hobabu alitaka kurudi kwao. Musa akamsihi asiwaache, kwa maana alijua mahali pafaapo kupiga kambi katika jangwa lile, naye angekuwa macho yao. Tena Musa akamwahidi kwamba mema watakayotendewa wao, yeye naye atayapata.

Tafadhali litazameni jambo hili vizuri. Musa alikuwa kiongozi wa taifa zima, na wingu la Bwana lilikuwa juu ya kambi yao. Hata hivyo hakuona aibu kumwomba mtu mwingine awe macho yake. Wala baada ya kuomba macho hakukaa chini ili abebwe. Aliendelea na kazi aliyopewa, na Hobabu akaombwa afanye ile aliyoijua.

Leo twataka kulieleza neno hilo kwa habari ya baiskeli.

Sisi tunaosema nanyi ni mke na mume, nasi tunakaa Busia, karibu na mpaka wa Uganda. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutasafiri kwa baiskeli kutoka Busia mpaka Nakuru kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa njia tuliyoichagua. Baiskeli yetu ni ya watu wawili. Ina viti viwili, usukani wa mbele unaogeuka, usukani wa nyuma usiogeuka, na pedali jozi mbili. Mke atakaa mbele na mume atakaa nyuma, kwa sababu mume haoni.

Mume aliendesha basi kwa miaka 19 katika barabara hiyo hiyo. Macho yake yaliharibiwa na ugonjwa uitwao glakoma. Mara nyingi ugonjwa huu huja pamoja na msukumo mkubwa ndani ya jicho, nao huharibu mshipa unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Kwa kawaida hauna maumivu. Huanza kula pembeni mwa macho, na mtu huendelea kuona mbele yake, akidhani yu mzima. Kile kilichokwisha kupotea hakirudi. Lakini ukigunduliwa mapema, dawa ya matone au upasuaji unaweza kuuzuia usiendelee. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ikiwa umepita miaka 40, na hasa ikiwa mzazi wako au ndugu yako alipofuka kwa ugonjwa huu, nenda ukapimwe macho hata kama huoni tatizo lolote.

Wengi wametuuliza, “Kwa nini msipande matatu? Mngefika siku hiyo hiyo.” Ni kweli tungefika. Lakini twawaomba mfikirie jinsi mtu asiyeona anavyosafiri. Kondakta humwuliza mke, “Huyu mzee anashuka wapi?” Abiria husema, “Mama, mketishe hapa.” Nauli yake huulizwa mwingine, na hata kiu yake huulizwa mwingine. Hao si watu wabaya, wengi wao wana huruma. Lakini yule aliyeendesha basi katika barabara ile miaka 19 huketi kimya, akipangwa mahali pake kama gunia la mahindi.

Hapa kwetu Busia twajua sana habari ya kubebwa kwa baiskeli. Jina la bodaboda lilitoka huku mpakani, wakati vijana walipobeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmoja wa mpaka hadi wa pili. Katika bodaboda ya baiskeli mmoja hukanyaga pedali na mwingine huketi juu ya kareia. Mwenye kuketi hulipa, naye hana kazi nyingine ila kujishikilia asianguke.

Baiskeli ya watu wawili ni kitu kingine kabisa. Ina cheni mbili. Cheni moja huunganisha pedali za mbele na pedali za nyuma, na ya pili huzungusha gurudumu la nyuma. Kwa ajili ya ile cheni ya kwanza, miguu ya watu wawili huzunguka pamoja. Mmoja akikanyaga kwa nguvu, mwenziwe huijua nguvu ile. Mmoja akisimamisha miguu ghafula, miguu ya mwenziwe nayo husimama. Wa nyuma hana usukani wa kugeuza, na katika baiskeli yetu hana breki. Lakini kazi ya kukanyaga ni yake sawasawa na ya mwenziwe, na kilima kikija hakuna awezaye kusema kwamba amebebwa.

Hatukulianzisha jambo hili sisi. Wasioona hushindana kwa baiskeli za namna hii katika michezo ya Paralimpiki, aonaye akiwa mbele. Na hapa Kenya yuko ndugu Douglas Sidialo, aliyepoteza macho yake katika mlipuko wa bomu wa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Mwaka 2005 alipanda Mlima Kilimanjaro, na baadaye akavuka Afrika kutoka Cairo mpaka Cape Town kwa baiskeli ya watu wawili. Tuliposikia habari zake tulisema, ikiwa yeye alivuka bara zima, sisi tutashindwaje kwenda Nakuru?

Hata hivyo, kutamani safari ni jambo moja na kujiandaa ni jambo lingine. Bwana wetu alifundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba yampasa aketi kwanza ahesabu gharama. Basi tuliketi tukahesabu.

Kwanza tuliihesabu baiskeli yenyewe. Tuliinunua ya mtumba, imetoka Uholanzi. Fundi wetu alituambia mapema kwamba gurudumu la baiskeli hii hubeba watu wawili na mizigo yao, kwa hiyo spoki haziwezi kuwa chache. Alitufungia magurudumu yenye spoki 40 kila moja. Alituonyesha pia kwamba waya wa breki ya nyuma ni mrefu kupita wa baiskeli ya kawaida. Ukikatika njiani, duka la kijijini halitakuwa na wa kuutosha, hivyo tumenunua wa akiba. Katika mfuko wa vyombo tumeweka tyubu tatu, vibandiko na gundi, pampu, spana, kifungulio cha cheni na spoki za akiba. Mume amejifunza kuziba pancha kwa kupapasa. Husikiliza hewa inapotoka, huiweka tyubu karibu na shavu lake, na tundu hulipata upesi kuliko mwenye macho.

Pili tuliihesabu njia. Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, Busia mpaka Yala, kilomita kama 70. Siku ya pili tutapita Maseno, penye mstari wa ikweta, tushuke mpaka Kisumu. Siku ya tatu ni Jumapili, nasi tutapumzika na kuabudu pamoja na Wakristo wa hapo. Kutoka Kisumu mpaka Ahero na Awasi ni tambarare ya Kano, penye mashamba ya mpunga, nayo ina joto. Baada ya Awasi ardhi huinuka, na kabla ya kufika Kericho tutakuwa tumepanda zaidi ya mita 800. Huko Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo kila siku tutaondoka alfajiri, tuwe tumefika kabla ya mvua. Kisha ni Londiani, Molo, Njoro, na mwisho Nakuru.

Wengine watauliza, “Mbona mnazunguka Molo na Njoro? Barabara kuu yashuka moja kwa moja mpaka Nakuru.” Yashuka, naam, kupitia Sachang'wan na Salgaa. Aliyeendesha basi anaijua sehemu hiyo. Malori mengi yamepoteza breki katika mteremko ule. Hapo Sachang'wan, tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lililopinduka lilishika moto, na watu zaidi ya 100 walikufa. Baiskeli yenye watu wawili hupanda polepole, lakini hushuka kwa kasi kubwa kuliko baiskeli ya mtu mmoja, kwa sababu ya uzito wake. Ukishika breki muda mrefu, rimu hupata moto, na tairi laweza kupasuka. Tumefunga breki ya tatu kwa ajili ya miteremko, lakini breki haiwezi kumzuia dereva wa lori aliye nyuma yako. Basi tuliamua kuiacha barabara ile. Mtu anayejiandaa vema hujua pia mahali ambapo hatapita.

Tatu, wapenzi wasikilizaji, tulijihesabu sisi wenyewe, na hii ndiyo hesabu iliyotuchukua siku nyingi zaidi.

Tulianza katika uwanja wa shule, jioni, watoto walipokwisha kwenda nyumbani. Tulijifunza kuondoka. Wa mbele husimama, baiskeli iko kati ya miguu yake, ameshika breki zote. Wa nyuma hupanda, huketi, huweka miguu juu ya pedali, na kuzizungusha nyuma mpaka mahali pa kuanzia. Kisha wa nyuma ndiye asemaye, “Tayari.” Kabla hajasema hatuondoki. Na tukisimama, wa mbele hashuki kwanza, kwa maana akishuka humwangusha mwenziwe.

Kisha tulijifunza maneno. Aonaye hutangulia kusema. Husema “Tuta!” na wa nyuma hujiinua kidogo kitini ili mgongo usiumie. Husema “Kona kushoto,” na wote wawili huinama pamoja na baiskeli. Husema “Giya,” na wote hupunguza nguvu miguuni ili cheni ihame vizuri. Husema “Pumzika,” na miguu yote minne hutulia. Husema “Lori,” na wa nyuma hujua kwamba upepo mkubwa unakuja. Mwanzoni maneno haya yalikuwa kama kazi juu ya kazi. Mtu mwenye macho hakuzoea kutangaza kila akionacho. Lakini ikiwa aonaye atanyamaza, basi yule aliye nyuma atapigwa na kila tuta kana kwamba ni adhabu, wala hajui litakuja lini jingine.

Na je, katika nyumba zetu si ndivyo ilivyo? Mwenye kujua habari za fedha hunyamaza. Mwenye kujua habari ya ugonjwa hunyamaza. Mwenye kuona deni linakuja hunyamaza, akidhani anawahurumia wengine. Siku ya tuta, nyumba yote huruka, na walio nyuma ndio waumiao zaidi kwa kuwa hawakuambiwa wajiinue.

Naye wa nyuma ana maneno yake. Mume hana macho, lakini barabara yote imo kichwani mwake. Katika mazoezi yetu, tukiwa njia ya Bumala, husema, “Sasa kinakuja kilima kirefu, usimalize nguvu hapa chini.” Mke hupunguza, na kilima huja kweli. Lakini matuta yaliyopo leo mengi hayakuwapo wakati wa basi lake. Masoko yamekua, na njia za kuingilia zimehamishwa. Kwa hiyo mwenye kukumbuka hana budi kukubali kuambiwa, “Mzee wangu, hapa pamebadilika.” Na mwenye kuona hana budi kukubali kuambiwa, “Ngoja, hujui kinachofuata.” Musa na Hobabu nao, twadhani, walisemezana hivyo mara nyingi jangwani.

Liko neno moja zaidi ambalo hatuwezi kulificha. Siku ya kwanza tulipopita sokoni, wako waliocheka. Mzee mmoja tunayemheshimu alikuja nyumbani jioni, akanywa chai, kisha akasema, “Wanangu, mume ni kichwa cha nyumba. Mbona mmemweka nyuma mbele ya watu?” Hakusema kwa ubaya. Alisema lile ambalo wengi walikuwa wakilifikiri, na ambalo hata mume mwenyewe alikuwa amelifikiri usiku mwingi. Mtu aliyezoea kushika usukani wa basi, leo anashika usukani usiogeuka. Si jambo dogo.

Tulimjibu mzee wetu hivi: kiti cha mbele katika baiskeli hii ni kiti cha kazi, nacho hupewa mwenye macho, kama vile ndoo hupewa mwenye kisima karibu. Anayekaa hapo hapati heshima zaidi. Yeye ndiye ashikaye uzito wote wanaposimama, na akikosea huanguka na mwenziwe. Anayekaa nyuma hutoa nguvu zake zote kwa njia asiyoiona, akiliamini neno la mwenziwe. Tukamwuliza, “Mzee, kati ya hao wawili, ni yupi mdogo?” Alinyamaza kidogo, akatabasamu, akaomba chai ya pili. Jumapili iliyofuata alitutangaza kanisani ili tuombewe.

Wapenzi wasikilizaji, huenda hamna baiskeli ya viti viwili, wala hamna safari ya Nakuru. Lakini karibu kila nyumba ina mtu aliyewekwa nyuma. Huenda ni bibi asiyeweza tena kulima. Huenda ni mtoto asiyesikia. Huenda ni mume aliyeachishwa kazi, au kijana aliyerudi nyumbani na ugonjwa wa muda mrefu. Nanyi mnampenda. Mnamlisha, mnamvika, mnamwombea. Lakini je, mmempa pedali? Bibi asiyelima anaweza kuchambua maharagwe na kusimulia habari za ukoo. Mtoto asiyesikia anaweza kutunza kuku kuliko ndugu zake. Aliye mgonjwa anaweza kuandika hesabu za kikundi cha akina mama. Wiki hii mwulizeni yeye mwenyewe, msimwulize mwingine kwa niaba yake: “Wewe wataka kusaidia kwa lipi?” Kisha ngojeni mpaka aseme yuko tayari.

Na wewe uliye nyuma, ambaye umekwisha kusema moyoni kwamba huna faida tena, sikia. Musa mwenyewe aliomba macho ya mtu mwingine. Kuomba macho si aibu. Omba, kisha ukanyage.

Sisi bado tuna majuma manne ya mazoezi. Juma lililopita tulikwenda kilomita 40 tukiwa na mizigo yote, na miguu iliuma siku mbili. Tumejifunza kunywa maji kabla ya kiu, na kula kidogo kidogo: ndizi, viazi vitamu, njugu. Hatujui kama tutavipanda vilima vya Kericho bila kushuka. Ikitubidi kushuka tutaisukuma baiskeli, mmoja akishika usukani na mwingine akisukuma kwa nyuma, na hata hapo tutakuwa wawili kazini. Tuombeeni, nasi tutawaombea ninyi.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uliyewaongoza watu wako jangwani na kuwapa wenzao wa kuwasaidia, tufundishe kuambiana tunachokiona. Wape unyenyekevu wale walio mbele, na uwape ujasiri wale walio nyuma. Katika kila nyumba inayosikiliza asubuhi hii, asiwepo mtu aliyefanywa mzigo. Utulinde njiani na utufikishe. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.